Tarehe 26 Aprili watu waliambiwa nini? Hotuba yangu ya sikukuu ya Muungano, Morogoro

Hii ndo hotuba niliyoitoa hapa Morogoro siku ya Muungano, mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari na wazazi wao. Wengi mlishindwa kufika kwa sababu ya mvua mkaomba niiweke yote, basi hii hapa. Picha za kwenye projekta nimeziacha, ila maneno ni yale yale niliyosema.

Wazee wangu shikamooni. Walimu wenzangu, poleni na mvua. Vijana, mambo vipi? Ahsanteni kwa kuja, najua siku ya sikukuu mtu anataka kupumzika nyumbani na hali hii ya hewa, lakini mmekuja.

Leo ni tarehe 26 Aprili. Mtoto yeyote wa shule ya msingi ukimuuliza leo kuna nini atakwambia ni Muungano, na yuko sahihi kabisa. Lakini kalenda si yetu peke yetu jamani. Tarehe hii hii ina mambo mazito sana ya dunia. Mwaka 1564 kule Stratford, Uingereza, mtoto William Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili, kitabu cha kanisa kikaandika, na karne nne baadae Mwalimu Nyerere akaja kutafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili. Mwaka 1933 kule Ujerumani ndo siku ilipoanzishwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Halafu kuna Guernica, kuna Chernobyl, kuna chanjo ya polio, kuna Afrika Kusini, na hapa hapa Morogoro pia kuna jambo lake, tutafika.

Niseme mapema, mimi siamini kwamba tarehe ina nuksi wala baraka. Historia ya binadamu ni ndefu, siku za mwaka ni 366 tu ukihesabu na ile ya Februari, kwa hiyo matukio lazima yagongane. Sasa kama ni hivo, kwa nini nimeyakusanya? Nimeyakusanya kwa sababu nilipoyasoma pamoja kuna swali moja lilinikaa kichwani na halikutoka, na ndo swali ninalotaka tutembee nalo leo. Siku ile, watu wa kawaida waliambiwa nini? Waliambiwa ukweli? Waliambiwa uongo? Au hawakuambiwa kitu kabisa?

Shikeni hilo swali. Watu waliambiwa nini?

Twende Hispania kwanza. Mwaka 1937, Jumatatu. Kuna mji mdogo wa Wabasque, watu wa kaskazini mwa Hispania, unaitwa Guernica, wenyewe wanauandika Gernika, na Jumatatu ndo siku ya gulio. Sasa nyie mnajua gulio lilivyo, watu wa vijiji vyote vya jirani wanashuka na bidhaa zao, mji unajaa mara mbili. Hispania ilikuwa vitani tangu Julai 1936, majenerali wakiongozwa na Franco wameiasi serikali iliyochaguliwa, na Franco alikuwa anasaidiwa na Hitler na Mussolini, wamempa ndege pamoja na marubani wake. Saa kumi na nusu jioni kengele ya kanisa ikapigwa kuwaonya watu. Ndege zikaja. Zikaja tena. Zikaja tena, kwa karibu saa tatu, mawimbi kwa mawimbi, kwanza mabomu ya kubomoa nyumba halafu mabomu ya kuwasha moto juu ya kifusi, na waliokimbilia mashambani wakafuatwa na ndege ndogo wakipigwa risasi kutoka juu. Mji uliungua usiku kucha. Serikali ya Wabasque ilisema waliokufa ni 1,654, wanahistoria wengi wa siku hizi wanasema ni kati ya 150 na 300, na hata ukichukua hiyo namba ndogo, jamani, ni watu waliokuja gulioni.

Sasa watu waliambiwa nini? Upande wa Franco ukatangaza kwamba hakuna ndege iliyopiga Guernica. Hakuna! Eti wenyeji wameuchoma mji wao wenyewe. Fikiria wewe umepoteza nyumba, umepoteza mtoto, halafu redio inasema umejichoma mwenyewe.

Uongo ule ungeweza kushinda, na haukushinda kwa sababu ya mtu mmoja, mwandishi wa habari anaitwa George Steer. Alikuwa Bilbao usiku ule, akasikia, akaenda Guernica wakati bado inawaka, akaongea na walionusurika, na akaokota magamba ya mabomu ya moto. Kwenye yale magamba palikuwa na muhuri wa tai wa Ujerumani. Basi hapo unabisha nini? Tarehe 28 Aprili habari yake ikatoka kwenye gazeti la The Times la London na New York Times la Marekani, na dunia ikajua.

Na huyu Steer, vijana, alizaliwa Afrika Kusini. Na kabla ya kwenda Hispania alikuwa Ethiopia, aliona Waitaliano wanavyowapiga Waethiopia kwa ndege na kwa gesi ya sumu mwaka 1935 na 1936. Kwa hiyo alipofika Guernica hakuwa mgeni wa jambo hili, alishaliona Afrika. Hapa nataka niseme kitu kinachoniuma. Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 mbele ya Shirikisho la Mataifa akaeleza kwa kinywa chake watu wake walivyomwagiwa sumu kutoka angani. Wakamsikiliza. Wakamwacha. Guernica ikaja miezi kumi tu baadae, na Ulaya ikashtuka kana kwamba jambo lile limetokea kwa mara ya kwanza duniani. Halikuwa la kwanza. Waathirika wa kwanza walikuwa Waafrika na ushahidi ulitolewa mapema, na mtu mwenye ushahidi alikuwa mfalme wa nchi.

Pablo Picasso alikuwa Paris, alisoma habari kwenye magazeti, akachora ule mchoro mkubwa unaoitwa kwa jina la mji, mrefu karibu mita 8 kwa kimo cha mita 3 na nusu. Haukuingia Hispania mpaka mwaka 1981, Franco alishakufa. Na Ujerumani je? Ilikuwa mwaka 1997 ndo Rais wa Ujerumani alikiri rasmi kwa walionusurika kwamba marubani wa nchi yake walihusika. Hesabuni wenyewe hapo, 1937 mpaka 1997. Miaka 60! Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile aliambiwa ukweli na wahusika akiwa na miaka 70.

Kuna nakala ya mchoro ule, ya kufumwa, inayotundikwa nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipokwenda pale kuitetea vita ya Iraq, ile nakala ilifunikwa na pazia la bluu. Mimi naliacha hapo, mnajua yaliyofuata Iraq.

Miaka mitano baada ya Guernica, 26 Aprili 1942, Manchuria, eneo la China lililokuwa limekaliwa na Wajapani. Mgodi wa makaa ya mawe wa Honkeiko ulilipuka. Ili kuzima moto wasimamizi wakafunga hewa ya mgodi, na ndani kuna watu. Wakafa 1,549, na karibu wote ni Wachina, wengi kwa kukosa hewa na kwa moshi wa sumu. Ndugu zao walikuja mbio wakazuiwa na walinzi. Mwanzoni taarifa ilisema waliokufa ni 34. 34 na 1,549! Ndo ajali mbaya kuliko zote za makaa ya mawe tunazozijua duniani, na ninyi wengi hapa mnaisikia leo kwa mara ya kwanza. Mnaona uongo ukipata muda wa kutosha unafanya nini?

Sasa tuje kwenye hii ambayo wazee hapa wanaikumbuka. Chernobyl. Jumamosi, 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23 usiku, kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia karibu na mji wa Pripyat, Ukraine, enzi hizo iko ndani ya Muungano wa Kisovieti.

Walikuwa wanafanya jaribio la usalama. Ndio, la usalama. Walitaka kujua umeme ukikatika, je turbini inayoendelea kuzunguka kwa nguvu zake za mwisho inaweza kuendesha pampu za maji mpaka jenereta ziwake? Jaribio lilipangwa mchana, Kiev wakapiga simu wanahitaji umeme, likasogezwa mpaka usiku, likaangukia kwa zamu ambayo haikujiandaa vizuri. Kijana aliyekuwa anaendesha kinu, Leonid Toptunov, alikuwa na miaka 25. Nguvu ya kinu ikashuka mno kuliko ilivyotakiwa, wakaipandisha kwa shida, wakaendelea na jaribio hivo hivo. Halafu wakabonyeza kitufe cha dharura cha kuzima kila kitu.

Nisikilizeni hapa kwa makini. Zile fimbo za kuzimia kinu ncha zake zilikuwa za grafaiti, na zilipoanza kushuka, katika hali ile kinu kilipokuwa, kwa sekunde za mwanzo ziliongeza nguvu badala ya kupunguza. Ni sawa na gari ambalo ukikanyaga breki kwanza linachanja mbuga. Na hili tatizo lilijulikana! Lilishaonekana mwaka 1983 kwenye kinu kingine cha aina ile ile, Ignalina kule Lithuania. Wabunifu walijua. Vijana wa zamu ya usiku hawakuambiwa. Kwa miaka mingi lawama zote zikabebeshwa wao, na kweli walikosea, lakini walikosea ndani ya chumba ambacho siri muhimu kuliko zote walikuwa wamefichwa.

Kinu kikapasuka. Wazimamoto wakapanda juu ya paa, wakakanyaga vipande vya grafaiti wasijue ni nini. Katika wazimamoto na wafanyakazi wa zamu ile, 28 walikufa kwa mionzi ndani ya miezi michache, mbali na wawili waliokufa kwa mlipuko wenyewe, na mmoja wao, Valery Khodemchuk, mwili wake haujatolewa mpaka leo, uko ndani ya kile kifusi.

Asubuhi Pripyat wakaamka. Mji wa watu karibu 49,000. Jumamosi ya jua. Watoto wakaenda shule. Watu wakaenda sokoni. Siku ile kulikuwa na harusi pale mjini, watu wakacheza. Watu waliambiwa nini? Hawakuambiwa kitu. Kesho yake mchana, saa kama 36 baada ya mlipuko, ndo redio ikatangaza wachukue vitambulisho na chakula kidogo, wafunge gesi na maji, mabasi yanakuja, ni kwa muda tu. Zaidi ya mabasi elfu moja yakawabeba. Hawakurudi kuishi pale tena, hata mmoja.

Na dunia ilijuaje? Jumatatu asubuhi, Sweden, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale, kwenye kituo chao cha nyuklia cha Forsmark, mfanyakazi anapita kwenye mashine ya kupima mionzi, viatu vyake vinapiga alamu. Wakadhani kinu chao kinavuja. Wakakagua, kizima. Wakapima majani ya nje, yana mionzi. Wakaangalia upepo unatoka wapi, wakaiuliza Moscow. Usiku ule ndo televisheni ya Moscow ikasoma tangazo fupi sana. Yaani viatu vya mfanyakazi wa Sweden vilipata habari kabla ya wananchi wa Kiev! Na tarehe 1 Mei pale Kiev gwaride la wafanyakazi likafanyika kama kawaida, watoto barabarani. Gorbachev alikuja kuongea na taifa tarehe 14 Mei.

Gharama ya ukimya huu si kitu cha kukisia. Maziwa. Mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na maelfu ya waliokuwa watoto wakati ule Ukraine, Belarus na Urusi wakapata saratani ya tezi ya shingo. Sasa linganisheni na Poland. Poland nao walikuwa chini ya kivuli cha Moscow, Moscow haikuwaambia kitu, lakini wataalamu wao wakapima hewa wenyewe na wakaamua. Kuanzia tarehe 29 Aprili wakagawa madini joto kwa watoto zaidi ya milioni 10 ndani ya siku chache, ili tezi zishibe zisinyonye yale yenye mionzi. Milioni 10! Wingu lile lile, wiki ile ile. Gorbachev mwenyewe miaka 20 baadae aliandika kwamba pengine Chernobyl ndo sababu halisi ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti, na mimi hapo namwamini, kwa sababu mzazi anaweza kukuvumilia kwa foleni ya mkate lakini hawezi kukusamehe kwa maziwa ya mtoto.

Vijana wangu msikate tamaa, kuna 26 Aprili nyingine.

1954, Marekani, jimbo la Virginia, shule ya msingi mjini McLean. Watoto wamepanga foleni kuchomwa sindano ya chanjo ya polio iliyotengenezwa na Jonas Salk. Miaka ile polio ilikuwa ni hofu ya kila majira ya joto, mzazi anafunga mtoto ndani, mabwawa ya kuogelea yanafungwa. Sasa wangeweza kusema chanjo ni nzuri, chomeni watu tu. Hawakusema hivo. Walisema hatujui kama inafanya kazi, tunataka kujua, na katika maeneo mengi mtoto mmoja atachomwa chanjo na mwingine atachomwa maji yasiyo na dawa, wala muuguzi hatajua nani kapata nini mpaka mwisho. Na wazazi waliambiwa hivo. Wakatia saini. Watoto kama milioni 1.8 waliingia kwenye jaribio lile. Matokeo yakatangazwa tarehe 12 Aprili 1955, chanjo inafanya kazi, watu wakapiga kengele za makanisa.

Na wiki chache baadae ikagundulika kwamba kuna chanjo za kiwanda kimoja zina virusi hai, watoto wapatao 200 wakapooza na 10 wakafa. Likafichwa? Halikufichwa. Zile chanjo zikaondolewa, zoezi zima likasimamishwa kwa muda, viwanda vikakaguliwa, halafu wakarudi. Na wazazi wakarudi! Ndo maana nalitaja hili, kwa sababu siku hizi kila mahali naona watu wanasema ukiwaambia wananchi mabaya watakimbia. Mwaka 2020 mwezi wa nane Afrika ilitangazwa haina tena polio ya asili, na kazi ile ilibebwa na akina mama waliokubali kufungua mlango kwa mgeni mwenye boksi la barafu.

Haya. Morogoro.

Nani anajua nini kilikuwa kinaendelea kwenye mji huu tarehe 26 Aprili 1969? Mzee pale anatikisa kichwa, anajua. Kuanzia 25 Aprili mpaka 1 Mei 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkuu hapa Morogoro, ukumbini, kwa siri, na kwenye historia yao wanauita hivo hivo, Mkutano wa Morogoro. Hali yao ilikuwa mbaya. Mandela yuko Robben Island. Mwaka 1967 vijana wao wapiganaji walijaribu kupita Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kurudi nyumbani, wakapigana eneo la Wankie, wengi wakafa, wengine wakaishia jela Botswana. Mmoja wao alikuwa kijana anaitwa Chris Hani. Alipotoka jela akarudi na wenzake, wakawa watu saba, wakaandika waraka kwa viongozi. Waraka mkali jamani. Wakasema uongozi wa nje umejisahau, wapiganaji wanaoza kambini, nyumbani hakuna anayepeleka habari.

Unadhani walipewa maua? Walisimamishwa, na walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya hapo. Lakini ule waraka ukafanya kazi. Ndo moja ya sababu kubwa mkutano ukaitishwa. Wakaja hapa, wakaambiana ukweli, na Oliver Tambo, kaimu rais wa chama, akaweka cheo chake mezani, akajiuzulu, wajumbe wakamrudisha kwa kumchagua. Wakafungua uanachama kwa watu wa rangi zote waliokuwa uhamishoni. Akina Hani wakarudishiwa uanachama wao. Naomba wana Morogoro mliojua kwamba mji wenu ni mji kasoro bahari na milima ya Uluguru tu, mjue na hili: hapa ndo chama cha ukombozi kilikaa kikaambizana kilichokuwa kinakiua. Baadae serikali yetu ikawapa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, wakajenga shule wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na makaburi yao yako pale. Wanafunzi mnaopita pale kila siku, siku moja simameni msome majina.

Sasa hesabuni. 26 Aprili 1969 wako hapa kwenye mkutano. 26 Aprili 1994, miaka 25 kamili, uchaguzi wa kwanza wa watu wote Afrika Kusini unaanza. Wengi wanakumbuka tarehe 27, zile foleni za kilomita na kilomita, lakini siku ya kwanza ilikuwa tarehe 26, siku ya wazee, wagonjwa, walemavu, na Waafrika Kusini walioko nje ya nchi. Mtu wa miaka 80 anapiga kura kwa mara ya kwanza katika nchi aliyozaliwa! Mabomu yalikuwa yamelipuka Johannesburg siku mbili kabla na Germiston siku moja kabla, wale wa siasa kali za Wazungu walitaka watu waogope wabaki ndani. Hawakubaki.

Na kuna kitu kidogo kwenye karatasi ile ya kura nakipenda sana. Chama cha Inkatha, chenye wafuasi wengi Wazulu, kilikuwa kimesusia, kikakubali kuingia wiki moja tu kabla ya kura, karatasi zimeshachapishwa zote. Wakafanyaje? Wakachapisha stika, zikabandikwa chini kabisa ya karatasi, moja moja, kwa mamilioni ya karatasi, ili hao nao wawemo. Watu karibu milioni 20 wakapiga kura. Usiku wa manane wa tarehe 26 bendera ya zamani ikashushwa, mpya ikapanda.

Tambo hakuiona. Alifariki tarehe 24 Aprili 1993. Hani hakuiona, aliuawa nje ya nyumba yake tarehe 10 Aprili 1993. Wawili hawa wa kisa cha Morogoro, mmoja aliyesema ukweli na mmoja aliyekubali kuusikia, wote wawili waliondoka mwezi wa nne, mwaka mmoja kabla.

Nimebakisha yetu.

Muungano. Mimi naupenda Muungano, naomba nisieleweke vibaya na mtu yeyote. Nina ndugu pande zote mbili na wengi wenu humu mko hivo hivo. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, siku nane baadae askari wa Tanganyika Rifles wakaasi Dar es Salaam, Vita Baridi iko mlangoni, mataifa makubwa yanaiangalia Zanzibar kwa jicho la kuigombania. Ndani ya hali hiyo Mwalimu Nyerere na Mzee Karume wakatia saini Hati za Makubaliano Zanzibar tarehe 22 Aprili, Bunge la Tanganyika likaitwa haraka likapitisha, na Jumapili tarehe 26 Aprili tukaamka nchi moja. Siku nne! Mambo ya Muungano yakiwa 11. Jina la Tanzania lenyewe lilikuja baadae mwaka ule ule.

Swali letu ni lile lile na siwezi kulikwepa kwa sababu tu limefika nyumbani. Watu waliambiwa nini? Mazungumzo yalikuwa kati ya watu wachache sana. Wananchi wa pande zote mbili waliambiwa baada ya kuamuliwa, hawakuulizwa kabla. Naelewa kwa nini, hali ilikuwa ya hatari na pengine bila haraka ile Zanzibar ingekuwa uwanja wa vita ya wakubwa. Lakini kwamba sababu ilikuwepo haifuti kwamba hawakuulizwa, na ndo maana lile swali halijawahi kulala. Mwaka 2014 kwenye Bunge Maalum la Katiba watu walidai waonyeshwe hati yenyewe kwa macho, nusu karne baadae, serikali ikaitoa ikaonekana. Tume ya Jaji Warioba ya katiba mpya ilizunguka ikakusanya maoni ikapendekeza serikali tatu, Bunge Maalum likabaki na mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Kwa hiyo mpaka leo hakuna mtu humu ndani aliyewahi kupewa karatasi ya kuulizwa. Mimi nadhani Muungano huu una nguvu za kutosha kuulizwa. Nadhani ukiulizwa utajibu vizuri. Wanaouogopea swali ndo wanaoufanya uonekane dhaifu.

Sasa nina ombi, na hili ndo lililonileta. Ile picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar kila mtu anayo kichwani. Tusichonacho ni watu. Mtu aliyekuwa na miaka 15 siku ile leo ni mzee kweli kweli, na wanaondoka. Yeye alisikia wapi? Nani alimwambia? Kwenye redio ya jirani? Msikitini? Bandarini? Sokoni? Alifurahi, aliogopa, alidhani ni nini? Wanafunzi, simu mnazo. Nendeni kwa babu na bibi, ombeni ruhusa kwanza, bonyezeni kurekodi, ulizeni swali moja tu: tarehe 26 Aprili 1964 uliambiwa nini, na nani alikuambia? Msimsahihishe, msimkatize, akikosea mwaka muache. Andikeni jina la kijiji na lugha aliyoongea, kama ni Kiluguru iwe Kiluguru, kama ni Kipemba iwe Kipemba. Walimu wa historia wa shule zilizoko hapa wamekubali kupokea, daftari liko mezani pale mlangoni, jiandikisheni na shule yenu kabla ya kutoka.

Na wazee mlioko humu ambao mlikuwepo, tunaweza kuanza na nyie sasa hivi. Mzee wangu pale mbele, kipaza sauti hicho hapo kinakuja. Siku ile ulikuwa wapi?